Majibu ya jeni ya kaka: tuuze kiwanja au tusubiri?

Mlinzi_wa_Wodi: Wakuu, habari. Kaka yangu, miaka 41, amekutwa na saratani ya damu, AML. Walimchota uboho nyongani, sampuli ikapelekwa India, jana majibu yametumwa WhatsApp. Ninachokielewa humo ni jina lake tu, nalo limekosewa herufi. NPM1 chanya, FLT3-ITD hasi, kromosomu 46 za kawaida. Daktari yupo Jumatatu. Baba mdogo keshaanza kutafuta mteja wa kiwanja cha Kibaha, kaka akapandikizwe uboho haraka. Shemeji naye akisikia "jeni" analia, anawaza watoto. Tujiandae kwa lipi?

Kibuyu: Pole mkuu. Dua, pia mchemshieni majani ya mpapai.

Mzee_wa_Hadubini: Dua sawa. Majani, daktari ajue kwanza, mtu yuko kwenye kemo (dawa kali za saratani).

Mleta uzi, NPM1 ni jeni; ikiwa imebadilika (ndiyo hiyo "chanya") huonekana kwa karibu theluthi moja ya watu wazima wenye AML. Ikija bila FLT3-ITD, hitilafu ya jeni nyingine, mwongozo wa Ulaya (ELN) wa 2022 humweka mgonjwa kundi lenye matumaini mazuri. Sisi wa maabara tunaogopa hitilafu ya jeni ya TP53, au kromosomu zilizovurugika sehemu nyingi. Ila kundi halimpi mtu miaka. Mwenye jeni nzuri anaweza kufariki kwa maambukizi mwezi wa kwanza wa kemo.

Kiwanja kiacheni kwanza. Kundi hili kwa kawaida huanza na kemo bila kupandikiza. Muulizeni daktari: baada ya mzunguko wa pili, NPM1 itapimwa tena kwenye damu? Ikiwa bado ipo, hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa, na hapo ndipo habari ya kupandikiza inaanza.

Shemeji mwambieni hitilafu hizi zimezuka kwenye seli za damu za kaka, hakuzaliwa nazo. Watoto hawazirithi.

Mama_Zuhura: Nimemuuguza mume wangu. Kipimajoto kikae chini ya mto; homa ikifika 38 usiku, msingoje kuche, mpelekeni hospitali. Na hilo jina! Mna uhakika majibu ni yake?

Mlinzi_wa_Wodi: Mama, umenishtua. Nimelinganisha namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa, ni yake. Jina nitaomba lisahihishwe. Baba mdogo kamwambia mteja asubiri, ila kanuna.