Naomba ushauri: mama mkwe hataki kusikia habari za wataalamu wa afya ya akili

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mume wangu ni Mmarekani Mweusi, kwao ni kaunti ya Macon, Alabama, kule ambako kuanzia 1932 hadi 1972 serikali iliwaacha wanaume Weusi waugue kaswende bila tiba ili iwachunguze, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Mama mkwe amekulia hapo. Tangu afiwe na mdogo wake, hapati usingizi; usiku kucha anazunguka kukagua makomeo ya milango, na mtu akibisha hodi anashtuka mwili mzima. Sasa mwanangu naye ameanza kukagua milango kabla ya kulala, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Tulimpeleka kwa mtaalamu mmoja, akamsomea maswali ya kwenye fomu, akamwandikia vidonge. Mama akavitupa: "Hao ni walewale." Simlaumu, hofu yake ina sababu.

Anayemwamini ni mchungaji wake tu. Kuna aliyewahi kuwakutanisha mchungaji na mshauri nasaha wakamsaidia mgonjwa pamoja? Mtaalamu Mweusi anayeijua historia hii, na anayepokea bima, mnampataje? Na mtoto, nianze naye sasa au nimsubiri bibi yake? Mlioko Marekani, hasa majimbo ya kusini, nisaidieni.