MJADALA: Je, mtambo mdogo wa AM wa kijijini udaiwe leseni kama redio ya mkoa?

Mtoa hoja (Kilosa)

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii tuijadili bila kuvunjiana heshima. Shule au kikundi cha kijiji kinachotaka kurusha matangazo kwa mtambo mdogo kabisa wa AM, usiozidi wati moja, kuna haja gani ya kukipitisha mlango uleule wa leseni anaopita mwenye kituo cha mkoa?

Msimamo wangu: hakuna haja. Kitoe taarifa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kitumie mtambo uliokaguliwa, kianze kazi.

Huku kwetu nikizungusha sindano ya redio mchana, kuanzia kilohezi 600 mpaka 1600, nasikia mvumo mtupu. Wenye vituo wamekimbilia FM. Lakini FM haipendi mlima. Walio nyuma ya Ukaguru wanaijua habari hiyo. Masafa ya kati, yaani haya ya AM, yanatambaa na ardhi, yanashuka mabondeni na kupanda tena. Na kuna mambo ambayo hakuna kituo cha mkoa kitakachoyasoma: zamu ya maji ya mfereji leo ni ya nani, mnada umesogezwa siku gani, chanjo ya kuku imefika, fulani amefiwa na maziko ni saa ngapi.

Wenzetu wameshafanya. Marekani, kanuni yao ya Sehemu ya 15 inakuruhusu kurusha AM bila leseni, mradi nguvu inayoingia hatua ya mwisho ya mtambo isizidi miliwati 100, na antena pamoja na waya wa kuilisha na wa ardhini visizidi mita 3. Uingereza, hospitali na vyuo vimekuwa vikipewa kibali cha AM ya wati 1. Uholanzi walizima mtambo wao mkubwa wa kilohezi 747 mwaka 2015, na masafa ya kati yakabaki na vituo vidogo vyenye vibali vya nguvu ndogo. Sisi tunashindwa nini?

Fundi mitambo (Morogoro)

Ndugu mtoa hoja, nakuunga mkono nusu. Hiyo nusu nyingine inanitisha kwa sababu nimeiona karakana.

Kwenye kilohezi 1600 wimbi moja lina urefu wa karibu mita 187. Antena ya kueleweka ni robo yake, yaani mita 47 hivi. Ukimpa mtu mita 3, karibu nguvu yote inaishia kuwa joto kwenye koili na kwenye udongo. Atasikika mita mia chache, pengine zaidi kidogo kama udongo una unyevu na amefukia nyaya za shaba za kutosha. Hataridhika. Atarefusha waya, kisha ataongeza transista.

Kuna mtambo uliletwa kwangu nikaufungua. Ndani mna kristali ya kushika masafa, mosfeti moja (transista ya kukuza nguvu), na transfoma inayopokea sauti kutoka amplifaya ya kanisa. Kutoka hapo ni waya moja kwa moja hadi juu ya mwembe. Chujio la kuzuia mawimbi ya ziada hakuna, hata koili moja. Mtambo wa namna hiyo ukiwekwa 800 unasikika tena 1600, na tena 2400. Mwenyewe alisema unapiga safi. Kwake ndiyo, ulipiga safi; anayeharibiwa ni mtu mwingine kabisa, asiyemjua.

Halafu kuna usiku. Mchana tabaka la chini la anga ya juu linameza mawimbi haya yanapopanda. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, na mawimbi yanarudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Vituo viwili vikigongana kwenye masafa yaleyale au yanayokaribiana, msikilizaji anapata mluzi badala ya maneno.

Dada wa Kigoma

Swali langu ni fupi: nani atasikiliza? Simu zetu zina FM tu. Vile viredio vya memori kadi, vingi ni FM tu. Nyumbani tuna redio ya bendi tatu, lakini tangu tufunge sola, ukiiweka AM karibu na kile kidhibiti chaji inakoroma mpaka uitoe uani. Taa za LED nazo ni hivyohivyo.

Mchangiaji wa Ngara

Mnazungumza koili na antena. Sisi tuliona watu wakivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda mwishoni mwa Aprili 1994, mamia ya maelfu, na kila mtu hapa anajua redio ya RTLM ilichochea mauaji gani upande wa pili. Redio isiyo na mtu wa kuwajibika siikubali, iwe ya wati moja au elfu kumi. Unasema itasikika kitongoji kimoja tu. Chuki haihitaji zaidi ya kitongoji kimoja.

Mtoa hoja (Kilosa)

Ndugu wa Ngara, umegusa penyewe, na sitalipita jambo hilo juujuu. Lakini tukumbuke RTLM haikuwa redio ya kujificha. Ilianza kurusha Julai 1993 kwa ridhaa ya serikali. Nahimana, mmoja wa waasisi wake aliyetiwa hatiani na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha kuhusu mauaji ya Rwanda mwaka 2003, alikuwa msomi wa historia aliyewahi kuongoza shirika la habari la taifa. Kibali walikuwa nacho. Kilichokosekana ni mtu wa kuwazuia walipoanza kutaja watu wa kuuawa.

Kwa hiyo nakubali: jina la mhusika liandikishwe TCRA, na anapokaa pajulikane. Ninachokataa ni mwenyekiti wa kijiji kupewa ufunguo wa kuamua nini kisemwe. Redio ya jamii ya Homa Bay kule Kenya ilianzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikazungumza na watu kwa Kijaluo, na mwaka 1984 serikali ikaifunga. Kidogo kinachotegemea hisani ya mkubwa hakina maisha.

Dada wa Kigoma, kuhusu simu huna kosa, na sioni dawa yake. Hoja yangu ni ya wale ambao redio ya bendi tatu bado ndiyo redio ya nyumba, na kwetu wapo wengi. Hicho kidhibiti chaji kisogeze mbali na redio, na zile nyaya zake zisokote pamoja; mkoromo utapungua.

Fundi, ungepewa wewe kalamu, ungeandika kikomo gani?

Fundi mitambo (Morogoro)

Wati 1, hapo hapo. Antena mita 10, na masafa kuanzia 1500 kwenda juu, kwa sababu huko wimbi ni fupi na waya mfupi unapoteza kidogo. Kurusha ni kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Chujio na kristali viwe ndani ya boksi lililopigwa mhuri. Atakayevunja mhuri anyang'anywe mtambo. Bila mhuri mimi siungi mkono.

Mchangiaji wa Ngara

Ongeza na hili: kila kinachorushwa kirekodiwe, na rekodi itunzwe miezi mitatu. Memori kadi ni bei rahisi. Mkikubali hilo, nami nitaanza kufikiria.