Mnaopitisha kurasa bila kutazama picha, mnatuharibia vitabu!

Wadau, leo sibembelezi mtu. Nimefungua ile diwani ya mashairi ya kale ambayo kikundi chetu hapa Nairobi, cha kugeuza vitabu vya zamani kuwa maandishi ya kompyuta, kimetangaza kuwa imekamilika. Beti zimevurugwa kuanzia mwanzo, na kila ukurasa una alama kwamba umepitiwa na watu wawili. Wawili! Walipitia nini?

Kwa wageni: kitabu kikishapigwa picha, programu huigeuza picha kuwa maandishi. Programu haijui shairi. Ikiona nafasi nyeupe katikati ya mshororo hudhani ni safu mbili za gazeti, basi ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) wote unamwagwa juu na utao (nusu ya pili) wote chini. Tarbia ya mishororo minne inakuwa vipande vinane visivyoshikana, vina vya kati havijulikani viko wapi. Hilo halihitaji msomi. Ukiweka picha kando ya maandishi unaliona papo hapo. Kwa hiyo hamkuiweka.

Utangulizi nao ni vilevile. Nambari ya ukurasa imekaa katikati ya sentensi, tanbihi zimemezwa na matini, maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yamebaki na vistari vyake. Ng'ombe wamepoteza ritifaa, ile alama ya juu baada ya "ng". "Baba" amekuwa "haba", na kwa kuwa haba nalo ni neno, kompyuta haikupiga mstari mwekundu, nanyi mkapita.

Lakini wanaonikera kuliko wote ni wale wanaojipa kazi ya kusafisha lugha. Mtu anakuta "nti" na "mato", anaandika "nchi" na "macho", kisha anajisifu kwenye kundi la WhatsApp. Nani alikutuma? Hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa! Kamati ya lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili iliundwa mwaka 1930, na msingi wa usanifishaji huo ukawa Kiunguja, lahaja ya Unguja. Malenga wa Mombasa aliyetunga zamani za mshairi Muyaka, karibu miaka mia moja kabla ya hapo, ulitaka aandike vipi? Tena ukigeuza "mato" kuwa "macho" mwisho wa mshororo, kina cha "to" umekiua, na msomaji atadhani malenga ndiye aliyeshindwa.

Viongozi, hili nawaambia ninyi. Mambo yaliharibika mlipoanza kubandika orodha ya washindi kwa idadi ya kurasa. Tangu hapo watu wanabofya tu. Pale Distributed Proofreaders, kundi la mtandaoni la wanaojitolea kusahihisha vitabu kama sisi, ambao wapo tangu mwaka 2000, utaratibu wao ni raundi tatu za kusahihisha na mbili za mpangilio, na kanuni yao kuu ni kutobadilisha alichoandika mwandishi. Sisi tuna raundi mbili, na zote za mbio.

Nilipolalamika nikajibiwa kwamba hawa wanajitolea, nisiwavunje moyo. Mimi pia najitolea, na bando nanunua mwenyewe. Mwanafunzi atakayenakili ubeti huo kwenye tasnifu yake hatajua nani alijitolea. Atanakili kosa, na mwingine atalinakili kutoka kwake.

Diwani iondolewe leo na irudishwe raundi ya kwanza. Orodha ya washindi ifutwe. Na walioidhinisha kurasa za tarbia waje hapahapa watueleze kama picha walizifungua.