Sisimizi wa kwenye mgunga: nitajuaje kama ni spishi mpya?

mgunga_laikipia:
Wakuu, huku Laikipia kuna migunga ya udongo mweusi (Acacia drepanolobium), ile ambayo vinundu vyake (miiba iliyovimba, yenye uwazi ndani) hupiga mluzi upepo ukivuma. Sisimizi wa ndani, wekundu kwa weusi, sioni picha inayofanana nao. Niwakusanyeje?

kiuno_chembamba:
Anza na mti wenyewe, maana una wenyeji wanne wanaojulikana. Machipukizi yametafunwa kama mti umepogolewa? Huyo ni Crematogaster nigriceps. Tezi za nekta zimeharibiwa? Tetraponera penzigi. Wanaishi kwenye mashimo ya shina yaliyochimbwa na mabuu ya mbawakawa, vinundu wameviacha? Crematogaster sjostedti. Anayebaki ni Crematogaster mimosae.

Rangi usiitegemee, hubadilika hata kwa ndugu wa koloni moja. Tazama kiuno: cha Crematogaster kimeungana na tumbo kwa juu, ndiyo maana akikasirika hulipindua juu ya mgongo. Tetraponera ni mwembamba, macho marefu.

chupa_na_lebo:
Sisimizi anayepita kwenye gome si ushahidi kwamba anaishi hapo. Asubuhi kukiwa bado na baridi, funika kinundu kwa mfuko wa plastiki kwanza, kisha kata kwa mkasi wa kupogolea; ukikata kabla ya kufunika, wote watakumwagikia mkononi. Kipasue juu ya sinia nyeupe, utafute mayai, mabuu na pupa. Malkia ni dhahabu.

Weka wafanyakazi 15 hadi 20 kwenye ethanoli ya 95%. Mti mmoja, chupa moja, tafadhali! Ukichanganya, hutajua tena nani ndugu wa nani. Formalini inaharibu DNA. Lebo iwe ya penseli, ndani ya chupa, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka: GPS, mwinuko, tarehe, aina ya mti.

mgunga_laikipia:
Asanteni. Na wasipofanana na hao wanne?

kiuno_chembamba:
Bado si wapya. Crematogaster wengi wa Afrika walipewa majina zamani kwa mfanyakazi mmoja au wawili tu, kwa hiyo linganisha na picha za vielelezo asilia (sisimizi walewale waliotumika kuipa spishi jina) kwenye AntWeb, tovuti ya picha za sisimizi. Tofauti ya DNA peke yake haitoshi. Ipatane na umbo, kwa sampuli za koloni kadhaa. Kielelezo kikuu, yaani sisimizi mmoja atakayewakilisha jina jipya, kihifadhiwe makumbusho, mfano Nairobi. Na kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya) kitangulie mkasi.