Nimemwita "Mbunge wetu" kaninyang'anya kipaza sauti! Eti nimwite Mheshimiwa

Wakuu, naandika hapa mkono unatetemeka. Nimetoka mkutanoni sasa hivi. Mhusika simtaji, wote mnamjua.

Nimesubiri zamu ya kuuliza kwenye jua hili la Dar, shati limelowa kiasi cha kulikamua ukajaza ndoo. Nikasimama: "Mbunge wetu, ule mtaro..." Sijamaliza! Akanikata: "Niite Mheshimiwa. Mimi si rika lako." Kipaza sauti akakichukua kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkwe wangu amekaa mstari wa mbele!

Tangu lini "Mbunge" likawa tusi? Katiba yenyewe inamwita Mbunge. Ibara ya 63 inasema Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa niaba yetu! Na ibara ya 67 inataka mgombea ajue kusoma na kuandika, sasa hiyo ya 63 aliiruka?

Nyerere kaongoza nchi nzima tukimwita Mwalimu, na zama za TANU watu walikuwa wakiitana ndugu. Huko Dodoma waseme "Mheshimiwa Spika" mpaka koo zikauke, ni utaratibu wa ukumbi wao. Mimi nilikuwa uwanjani mtaani kwangu, na maji ya mvua yanaingia mpaka sebuleni.

"Niite Mheshimiwa." Yaani kaninyang'anya! Mbele ya mama mkwe!

Kobe_Mbishi: Pole mkuu, ila mbele ya mama mkwe 😂😂 leo unakula kwa jirani.

BintiUswazi: Heri yako wewe wa kwenu anakuja. Wetu tunamwona kwenye mabango tu.

MzeeWaKahawa: Vijana mmezidi. Mtu mzima akitaka aitwe Mheshimiwa unapungukiwa nini?

Mleta uzi: Shikamoo mzee wangu. Heshima ninayo tele, jibu la mtaro ndilo sina. Kaninyang'anya kipaza sauti, mzee!

Mpemba_Kkoo: Nyie mna mmoja mnalalamika. Sisi Zanzibar tuna Mbunge na tuna Mwakilishi. Ukimlilia huyu barabara, anakwambia hilo la yule.

KondaMstaafu: Mheshimiwa afadhali. Mwenyekiti wa kikoba chetu lazima umwite "Mama Mlezi", ukisahau faini.

BintiUswazi: Faini tena? Shilingi ngapi?

KondaMstaafu: Elfu mbili. Na haiandikwi kwenye daftari.

Kobe_Mbishi: Usinikumbushe vikoba. Siku ya kugawana, mweka hazina wetu kazima simu mpaka leo.

BintiUswazi: Wa kwetu alihama na nyumba kabisa. Tumemkuta Kibaha kafungua duka la vitenge!

MzeeWaKahawa: Kibaha ipi? Maana na mimi kuna mtu namdai huko.