Naomba ushauri: Tuchangie Vandals wa Idaho wakiwa Big Sky, au tusubiri ijulikane kama watarudi FBS?

Mhitimu wa Palouse (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaishi Boise, na nilisoma Chuo Kikuu cha Idaho kule Moscow, ambayo ni Moscow ya mashamba ya ngano na dengu, si ile ya Urusi. Tangu nihitimu nimeendelea kuifuata timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Vandals, katika raha na katika karaha.

Jambo linalonikosesha usingizi ni hili. Mfuko wa ufadhili wa wanamichezo wa chuo unapokea ahadi za michango, na nimekuwa nikifikiria ahadi ya miaka mitano. Tulikuwa miongoni mwa waanzilishi wa konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja) ya Big Sky mwaka 1963, tukaondoka 1996 kwenda daraja la juu la FBS, tukatangatanga Big West, Sun Belt na WAC, mwaka 2013 tukacheza bila konferensi yoyote kwa kuwa WAC ilikuwa imeacha futiboli, kisha tukarudi Sun Belt hadi wenyewe walipoamua mwaka 2016 kwamba hawatatuongezea mkataba. Tangu 2018 tuko Big Sky tena, katika FCS, daraja lililo chini ya FBS. Sasa jirani zetu wa Boise State wanaingia Pac-12, konferensi ya FBS, mwaka 2026, na kila wanapokutana mashabiki wetu hakosekani anayesema kwamba nasi tukichanga vya kutosha tutapanda tena, ingawa chuo hakijaniambia lolote la namna hiyo.

Je, ni busara sisi kuahidi mchango wakati hatujui timu itakuwa katika konferensi gani baada ya miaka mitano? Naomba majibu ya haraka.

Grizi wa Missoula

Pole sana, jirani. Ushauri wangu ni kwamba hela hizo uzilete Montana, ambako uwanja wetu wenye siti zaidi ya 25,000 tunaujaza tukiwa humohumo Big Sky, na hakuna anayelia kwamba daraja ni dogo. Kibbie Dome yenu ina siti 16,000. Mlipokuwa FBS, sheria ya wastani wa mahudhurio iliwafanya mwaka 1999 na 2000 mwende kuazima uwanja wa Washington State pale Pullman na kuuita wa nyumbani, kama bwana harusi aliyevaa kanzu ya jirani. Hayo ndiyo maisha unayotaka kuyalipia tena?

Karani wa Hesabu

Tuweke utani kando. Kupanda FBS hakuamuliwi na pointi kama ilivyo katika ligi za soka za nyumbani, ambako anayeongoza daraja la chini hupanda na anayeshika mkia hushuka. Huku ni lazima konferensi ya FBS ikualike kwanza. Ada ya maombi, ambayo ilikuwa dola 5,000, ilipandishwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwaka 2023 hadi dola milioni 5, na timu inayohama hupitia kipindi cha mpito cha miaka miwili. Wapo waliofanya hivyo karibuni: Jacksonville State na Sam Houston waliingia Conference USA mwaka 2023, Kennesaw State wakafuata 2024, na Delaware pamoja na Missouri State 2025.

Ada hiyo ni mlango tu. Kwa miaka mingi timu ya FCS ilikuwa na ukomo wa skolashipu 63 na ya FBS 85, na tofauti hiyo peke yake ni bajeti nzima. Juu yake, suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA wakidai malipo, iliyoidhinishwa Juni 2025 inaruhusu vyuo vilivyojiunga nayo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Vyuo vidogo havitafika huko, lakini vitashindana sokoni na vile vinavyofika. Kwa hiyo, ndugu Mhitimu, mchango wako utalipia skolashipu ya kijana, na hilo ni jambo jema. Kununua mwaliko wa konferensi, hapana.

Kaka wa Birmingham

Mimi nilikuwa Alabama wakati UAB ilipofuta futiboli tarehe 2 Desemba 2014. Uongozi ulisema fedha hazitoshi, na wachezaji walilia mbele ya kamera. Basi wahitimu, kampuni za mjini, wanafunzi na hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani wakaanza kuchanga, na kabla ya katikati ya 2015 uamuzi ukabatilishwa. Timu ikarudi uwanjani 2017, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wa Conference USA. Mimi mwenyewe nilitoa kidogo nilichokuwa nacho, na hadi leo mke wangu hunikumbusha kwamba mwezi ule tulikula maharage. Kwa hiyo usikatishwe tamaa na watu wa hesabu.

Karani wa Hesabu

Kaka, UAB walichanga ili wasife. Huyu anachanga ili apande. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Bibi wa Nampa

Mwanangu Mhitimu, nimesoma swali lako mara mbili. Ulianza na "nimekuwa nikifikiria", ukamalizia na "sisi kuahidi". Sisi ni nani?

Mhitimu wa Palouse

Shikamoo Bibi. Sisi ni watu wa nyumbani tulioko Boise na miji ya jirani, wengi kutoka Kongo na Burundi, na wengine waliozaliwa katika kambi za Kigoma. Tuna umoja wetu. Lakini naona swali la msingi lilikuwa konferensi, na ningependa tusilipoteze. Ndugu Karani, je, wanaosema kwamba mechi za malipo, ambazo chuo kikubwa hukulipa ukacheze kwake, zinaweza kufidia pengo wanakosea? Mwaka 2024 tulikwenda Oregon tukapoteza 24 kwa 14, na tukawafunga Wyoming kwao 17 kwa 13. Safari za namna hiyo huleta hundi.

Karani wa Hesabu

Huleta hundi, na huleta majeruhi. Ila jibu swali la Bibi kwanza. Umoja wa namna gani?

Bibi wa Nampa

Nami nasubiri.

Mhitimu wa Palouse

Ni chama cha kufa na kuzikana. Mimi ndiye mhazini.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe, naomba mnisikilize. Katiba yetu ina kifungu kinachosema kwamba ziada inaweza kutumika kwa "maendeleo ya elimu ya vijana", na skolashipu ni elimu. Fedha zimelala benki bila faida yoyote ya maana. Jina la chama chetu likiandikwa miongoni mwa wafadhili, watoto wetu wataona kwamba wazazi wao si wageni tu katika jimbo hili, bali ni watu wenye nafasi. Isitoshe, nimekwishajaza fomu ya ahadi kwa jina la chama, ingawa malipo ya kwanza bado, kwa hiyo sijavunja chochote. Nilichokuja kuomba hapa ni hoja nzuri za kuwapa wanachama kwenye mkutano.

Mja wa Mola

Ndugu yangu, amana ni amana. Fedha ya sanda haichezewi mpira, uwe wa duara au wa yai. Siku mwanachama atakapofiwa, na mwili unatakiwa kusafirishwa hadi Bujumbura au Uvira, utasimama mbele ya wafiwa uwaambie kwamba Vandals walifika robo fainali?

Kaka wa Birmingham

Kwa haki ya mambo, robo fainali walifika mara mbili mfululizo, 2023 na 2024.

Mja wa Mola

Kaka, sikuuliza hilo.

Binti Mwanasheria

Naomba kuuliza mambo yaliyo mbali kidogo na mahubiri. La kwanza, haki za kuchagua siti na maegesho, ambazo wafadhili wa michezo ya vyuo hupewa kwa kadiri ya mchango, zimeandikwa kwa jina la nani? La pili, kama unatarajia nafuu ya kodi, fahamu kwamba zamani mtu aliweza kupunguza asilimia 80 ya mchango uliompa haki ya kununua tiketi, lakini sheria ya kodi ya Desemba 2017 iliifuta nafuu hiyo. La tatu, kwa kanuni za NCAA, anayeichangia idara ya michezo huhesabiwa kuwa mwakilishi wa maslahi ya timu, na kuanzia hapo mazungumzo yake na vijana wa sekondari wanaosakwa na timu yana mipaka. Kikundi chenye familia nyingi zenye vijana wanaocheza kinapaswa kujua hayo kabla ya kutia saini, wala si baada yake.

Mhitimu wa Palouse

Siti ziko kwa jina langu, kwa sababu fomu inahitaji mtu wa kuwasiliana naye, na wanachama wengi hawana gari la kufika Moscow. Mimi ndiye ninayetoka Boise alfajiri, nikaangalia mechi, nikarudi usiku uleule, na Jumapili niko kwenye kikao cha chama. Mtu anayejitolea kiasi hicho hastahili kutazamwa kama mwizi.

Jicho la Tatu

Sasa nimepata nilichokuwa nakitafuta. Wanajamvi, hadithi hii imetungwa. Kutoka Boise hadi Moscow ni karibu maili 300 kwa barabara namba 95, ambayo inapanda na kushuka milima. Mtu wa kawaida haendi na kurudi siku moja, kisha asubuhi akaongoza hesabu za chama. Tena kila chama cha kufa na kuzikana ninachokifahamu kina watia saini wawili au watatu benki, hivyo mhazini peke yake hawezi kuahidi chochote. Na ni lini mmemwona mtu wetu wa Boise akiacha Boise State, timu ya mjini kwake iliyomfunga Oklahoma kwenye Fiesta Bowl 43 kwa 42, akawapenda Vandals? Huyu ama anatafuta wafadhili kwa mlango wa nyuma, ama anajifurahisha.

Mhitimu wa Palouse

Ukienda kaskazini, ukishavuka daraja la mto Salmon baada ya Riggins, saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa sababu Boise iko katika majira ya milimani na Moscow katika majira ya Pasifiki. Ndiyo maana ninawahi. Watia saini tuko wawili kwenye hundi, lakini fomu ya ahadi si hundi. Na Vandals niliwapenda kwa sababu ndio walionipa digrii.

Grizi wa Missoula

Ngojeni nimpime mimi, adui yake wa halali. Idaho walipokuwa FBS walicheza michezo mingapi ya bowl, yaani mechi maalumu za mwisho wa msimu, wapi, na matokeo yalikuwaje?

Mhitimu wa Palouse

Mitatu, yote hapahapa Boise, kwenye uwanja wa wapinzani wetu, na yote tulishinda. Mwaka 1998 tuliwafunga Southern Miss 42 kwa 35. Mwaka 2009 tuliwafunga Bowling Green 43 kwa 42, kwa kuamua kutafuta pointi mbili mwishoni badala ya kusawazisha, yaani matokeo yaleyale anayojivunia Jicho la Tatu. Mwaka 2016, tukijua kwamba tunashushwa, tuliwafunga Colorado State 61 kwa 50. Ninyi mnaosema kwamba ile miaka ilikuwa ya aibu mnasahau hayo.

Grizi wa Missoula

Amefaulu. Shabiki wa bandia asingekumbuka kinyongo cha 2016.

Jicho la Tatu

Hayo yote yanapatikana kwenye intaneti. Mimi ninarudia kwamba katibu wa chama hajatajwa hata mara moja katika uzi huu. Katibu anajua?

Bibi wa Nampa

Swali zuri, hata kama hadithi ni ya kutunga. Nami ni mweka saini wa chama kingine hapa bondeni. Mhazini wetu wa zamani aliwahi kutumia akiba kununua viti na mahema ya kukodisha, akatueleza kwamba ni mradi. Mradi ulikuwa mzuri kweli, viti vipo hadi leo. Lakini tulipofiwa mara mbili katika msimu mmoja wa baridi, tulipitisha kofia kanisani, na watu waliokuwa wamelipa ada kwa uaminifu waliona haya kana kwamba wao ndio waliokosa. Mwanangu, katibu anajua?

Mhitimu wa Palouse

Katibu atajulishwa kwenye mkutano. Ni mtu wa soka tu, ukimtajia Big Sky anadhani ni kampuni ya ndege. Nikimweleza kabla sijapata hoja nzuri, atakataa bila kusikiliza.

Karani wa Hesabu

Basi hiyo ndiyo shida yako, na konferensi haimo. Hata kesho Vandals wakialikwa FBS, au wakibaki Big Sky miaka hamsini, fomu hiyo bado haina ridhaa ya wenye fedha. Kuna njia isiyokuaibisha: wasiliana na ofisi ya mfuko kabla ya malipo ya kwanza, uombe ahadi iandikwe upya kwa jina lako, kwa kiasi unachokimudu, kwa mwaka mmoja. Siti zibaki zako kwa haki. Kisha mkutanoni mwombe kila apendaye achangie kutoka mfukoni mwake.

Binti Mwanasheria

Naunga mkono, na afanye hivyo kwa barua ili kuwe na kumbukumbu. Hicho kifungu cha elimu nacho kipelekwe mkutanoni kikafafanuliwe, maana kilivyoandikwa kinaweza kumaanisha hata karo ya chekechea.

Mhitimu wa Palouse

Nitaandika hiyo barua. Mwaka mmoja, sawa. Lakini jina la chama nitaliomba mkutanoni kwa kura, kwa kiasi kidogo, na Bibi naomba usinipinge kwa hilo, kwa sababu bado ninaamini kwamba chuo chenye wafadhili wengi wadogo husikilizwa konferensi zinapogawanywa upya.

Karani wa Hesabu

Hawasikilizwi. Wanaosikilizwa ni wenye mikataba ya televisheni. Lakini piga kura yako.

Bibi wa Nampa

Sikupingi. Nataka tu katibu awepo wakati wa kuhesabu.

Jicho la Tatu

Bado siamini, ila kama yupo, namshauri aanze kwa kumpigia katibu simu leo hii.

Grizi wa Missoula

Na zile siti zako, Mhitimu, ziko upande gani? Tukija Moscow kucheza nanyi, nataka nikae mbali nawe.