Print zimejaza diski ya seva, logging ya Python nayo inarudia mistari, naombeni ushauri

Kisima_Tech:
Habari za jioni wakuu. Nina mfumo niliojenga kwa Flask (zana ya Python ya kutengeneza programu za wavuti), wa ankara za maji kwa jumuiya moja ya watumia maji huku kwetu, watu wanalipa kwa simu, taarifa ya malipo inaingia kwenye mfumo, deni la mteja linashuka. Tangu mwanzo nilikuwa naweka print kila kona kuandika ujumbe, nikawasha programu kwa nohup (inaiacha ikimbie nyuma na kuandika ujumbe wote kwenye faili nohup.out) nikaendelea na mambo mengine. Jumamosi mfumo ukagoma, kuingia kwenye seva nakuta diski ya giga 25 imejaa pomoni, nohup.out peke yake giga 19! Kibaya zaidi kuna mama alilipa 12,000 na deni lake liko palepale, nimepekua lile faili usiku kucha, limejaa "imefika" "imefika" "sawa", hakuna saa, hakuna namba ya muamala, sijui ipi ni yake. Nimemlipia mfukoni kwangu lakini roho inaniuma maana sijui wangapi wengine wamekaa kimya.

Sasa nimehamia logging ya Python, zana yake ya kuandika kumbukumbu za matukio, nayo inanichanganya, ombi la kwanza linaandika mstari mmoja, la pili mistari miwili ileile, la tatu mitatu, ikifika jioni kitu kimoja kimejirudia hadi nachoka kusoma. Halafu kwenye modyuli nyingine (faili nyingine za kodi) ujumbe wa levo ya info, yaani taarifa za kawaida, hauonekani kabisa. Nakosea wapi wadau?

binti_wa_seva:
Pole sana mkuu. Bila shaka umeweka addHandler, inayoongeza hendla (kipande kinachopeleka ujumbe kwenye faili au skrini), ndani ya funksheni inayopokea ombi. getLogger ukiiita kwa jina lilelile inakurudishia loga (kiandika kumbukumbu) ileile, haitengenezi mpya, kwa hiyo kila ombi likiingia unabandika hendla nyingine juu ya zilizopo na kila moja inaandika. Seti kila kitu mara moja programu inapowaka, tumia dictConfig (mipangilio yote ya logging mahali pamoja), huko kwenye modyuli weka huu tu juu kabisa:

logger = logging.getLogger(\_\_name\_\_)

Info hazionekani kwa sababu loga ya mzizi, iliyo juu ya zote, usipoigusa inaanzia levo ya WARNING (onyo), ambayo ni 30, na INFO ni 20, kwa hiyo inatupwa.

fundi_kodi255:
Na diski isijae tena tumia RotatingFileHandler, hendla inayozungusha faili: likijaa linawekwa kando na jipya kuanza, maxBytes mega 10, backupCount 5. Linaloandikwa pamoja na matano ya nyuma ni mega 60, haivuki hapo. backupCount ukiiacha sifuri halizunguki, litakua tu kama hiyo nohup yako. Halafu hilo nohup.out usilifute kwa rm programu ikiwa inakimbia, nafasi hairudi mpaka uizime, wewe mwaga yaliyomo tu kwa > nohup.out

binti_wa_seva:
Ngoja kwanza, Kisima, unawasha kwa gunicorn (seva ya programu za Python)? Woka wangapi, yaani nakala ngapi za programu zinakimbia pamoja?

Kisima_Tech:
Ndiyo dada, wanne.

binti_wa_seva:
Basi hiyo ya kuzungusha faili usiitumie. Woka mmoja analibadilisha jina faili wakati mwenzake bado anaandika kwenye la zamani, mistari inapotea, na ni ileile utakayoihitaji. Andika kwenye stdout (njia ya kawaida ya programu kutoa maandishi), achana na nohup, washa programu kwa systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, na journald, mtunza logi wake, itakutunzia. Weka SystemMaxUse=500M, ikifika hapo inafuta za zamani yenyewe.

Mpwa_wa_Pangani:
Mimi natumia loguru, maktaba nyingine ya logi, logger.add moja na kazi imeisha, hamna dictConfig ndefu kama mkeka. Kwa mtu anayeanza naona ni rahisi zaidi.

fundi_kodi255:
Loguru ni nzuri sikatai, ila logging imo ndani ya Python tangu 2.3 ya mwaka 2003, na Flask, Werkzeug (maktaba iliyo chini ya Flask), SQLAlchemy (maktaba ya hifadhidata) zote zinaandikia humohumo. Unataka Werkzeug anyamaze, unapandisha levo ya loga yake peke yake, zako zinabaki kama zilivyo. Kwa mfumo wa pesa mimi ningebaki hapo.

mama_dibagi:
Kisima hela za watu hizo, kwa hiyo sikiliza. Kila mstari unaohusu malipo uwe na namba ya muamala, ndiyo utakayoitafuta mteja akija mlangoni. Kwenye except, sehemu ya kodi inayodaka makosa, weka logger.exception, itakuandikia kosa pamoja na njia yote mpaka mstari wa kodi. PIN isiingie kwenye logi hata siku moja, namba ya simu bakiza tarakimu tatu za mwisho tu, iandikie Filter (kichujio cha logging). Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hizo logi ni taarifa za watu.

Kisima_Tech:
Wakuu nimerudi. Nimefanya kama mlivyosema, systemd, stdout, dictConfig moja. Leo saa tatu asubuhi nimekutana na hii:

ERROR malipo muamala=..4417 kiasi=8000 halijaingizwa
sqlite3.OperationalError: database is locked

Kumbe ile kazi ya kutengeneza ankara za mwezi inaishika SQLite, hifadhidata ninayotumia, kwa muda mrefu kuliko zile sekunde 5 ambazo Python inasubiri, malipo yakija wakati huo yanashindwa kuandikwa, na except yangu ya zamani ilikuwa inaprinti "sawa" na kuendelea!! Nahamia hifadhidata ya PostgreSQL wiki hii. Nimechukua taarifa ya miamala ya mwezi mzima nailinganisha na madeni mmoja mmoja, mpaka sasa nimepata watu watatu mbali na yule mama, kesho asubuhi naanza kuwapigia.

mama_dibagi:
Rudi mpaka mwezi wa kwanza wa mfumo baba, usiishie huu.